Chupa Mbili za Maji ya Moto

Bi Hamira alipoambiwa kwamba mumewe atapandikizwa uboho, alijiandaa kwa ajili ya kisu cha daktari. Alijiandaa kusimama nje ya mlango wa chumba cha upasuaji na kulia, maana kazi hiyo alikuwa anaijua. Alishamlilia mama yake mzazi kwenye mlango wa namna hiyo, na mama akapona. Kumbe safari hii mlango wenyewe haukuwepo. Siku ilipofika, sista aliingia na mfuko mdogo wenye kitu chekundu kizito kidogo, hakizidi vikombe viwili, akautundika kwenye chuma kando ya kitanda, akauunganisha na mrija uliotoka kifuani mwa mgonjwa, kisha akasimama anaangalia saa yake. Baada ya dakika arobaini mfuko ukawa mtupu.

"Tayari," sista akasema.

"Tayari nini?"

"Ameshapandikizwa, mama."

Bi Hamira akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa anautazama ule mfuko kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu. Sasa seli zitatafuta njia zenyewe mpaka ndani ya mifupa. Zikifika, na zikikubali kukaa, zitaanza kutengeneza damu mpya."

"Zinaijuaje njia?"

Sista akacheka nyuma ya barakoa. "Hilo hata sisi tunashangaa."

Jibu la namna gani hilo? Umewakabidhi watu mume wako, halafu wanakuambia hata wao wanashangaa. Bi Hamira hakupendezwa. Sista akaenda kwenye ubao wa ukutani, akafuta alichoandika jana, akaandika: Siku 0. Wiki nzima iliyopita walikuwa wakihesabu kinyumenyume, kutoa saba, kutoa sita, kutoa tano, siku ambazo mgonjwa alitiwa dawa kali za kuua uboho wake wote mbovu. Leo mtu wa miaka hamsini na mitatu, baba wa watoto wawili walioko vyuoni, ameambiwa ana siku sifuri. Kuanzia hapo Bi Hamira akapotea, na kusema kweli hakuiona njia kwa muda mrefu.

Jina hilo la Hamira alipewa na wateja. Miaka ishirini na sita alikuwa na tanuri lake kwenye kona ya mtaa wa mafundi viatu, na mikate yake ilijulikana kwa kuumuka mpaka kujaa mdomoni kama uongo wa mchumba. Mumewe alikuwa mpima ardhi wa mji, mtu wa kamba, vigingi na namba, na mtaa mzima ulimwita Mpima, mkewe akiwa wa kwanza. Wawili hao walikuwa hawalingani hata kidogo. Yeye Bi Hamira alipima kwa kiganja na pua. Mumewe hata chumvi kwenye yai alitaka ajue ni ya kijiko gani. Ndoa ilikuwa imedumu miaka ishirini na minane kwa sababu kila mmoja alimwona mwenzake mgonjwa kidogo wa akili na akamhurumia.

Siku ya kulazwa, sista alimwuliza Bi Hamira anafanya kazi gani.

"Naoka mikate."

Sista akaweka kalamu chini. "Basi, mama, itabidi uchague. Tanuri au chumba hiki."

Akamweleza. Vumbi la unga lina ukungu usioonekana. Na hamira yenyewe ni kitu hai. Kwangu na kwako haina neno, lakini kwa mtu aliyeishiwa chembe nyeupe za damu ni mgeni anayeingia na haondoki. Nguo zilizowahi kuingia kwenye tanuri zisije. Kucha zikatwe. Mikono ioshwe mpaka kwenye viwiko, kila unapoingia, hata kama ulitoka kuchungulia tu.

"Na jina langu je?" Bi Hamira akauliza. "Maana mimi mwenyewe naitwa Hamira."

"Jina tumeliruhusu," sista akasema. "Liingie peke yake."

Wakacheka, lakini jioni ile Bi Hamira alimpa mdogo wake wa kike funguo za tanuri, akajisugua kucha kwa brashi mpaka zikauma. Ilimkaa rohoni. Kumbe miaka yote hiyo mikono iliyomlisha mume wake ilikuwa na kitu cha kumwua.

Hospitalini hakukuwa na kazi ya mikono. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake kubwa. Chakula kililetwa kimefunikwa. Shuka zilibadilishwa na watu waliovaa glavu. Maua marufuku, matunda ya kumenya marufuku, kumbusu marufuku. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha lisilofunguka, amevaa barakoa, viganja viko mapajani, na hewa baridi inavuma kutoka darini mchana kutwa. Kila aliposimama kufanya jambo, aliambiwa kwa upole, acha tu mama.

Mwanzoni Mpima ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Namba za damu zilipoletwa asubuhi, alizinakili, akamweleza mkewe hii ni nini na ile inatakiwa iwe ngapi. Siku ya tano mdomo na koo vikachubuka kwa sababu ya zile dawa, hata kumeza mate ikawa kazi, na mkalimani akanyamaza. Sista alimletea kibao cheupe cha kuandika na kufuta. Mpima akaandika namba tu, bila maelezo, kisha akalala.

Bi Hamira akabaki na daktari. Daktari wa damu alikuwa mama kijana mwenye miwani na neno moja alilolipenda kuliko yote: inategemea. Atapona? Inategemea. Lini? Inategemea. Hata mambo mengine nayo yalikuwa yamegeuzwa chini juu. Nywele zilipopukutika zote kwenye mto, walisema vizuri. Chembe nyeupe ziliposhuka mpaka sifuri nukta sifuri, walisema vizuri sana. Mgonjwa alipotapika mara sita, hiyo ni kawaida. Bi Hamira akafika mahali akaogopa kuuliza tena, asije akaambiwa kwamba na kifo nacho ni dalili njema.

Mtu pekee aliyezungumza lugha aliyoielewa alikuwa shemeji yake, mdogo wake Mpima, aliyetoa zile seli. Katika ukoo aliitwa Kesho, kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kufanya jambo siku lilipotakiwa. Harusi ya kaka yake alifika watu wanakunja viti. Lakini alipoambiwa damu yake inalingana na ya kaka yake, alifika hospitali saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mlinzi kufungua geti, akalazwa kwenye mashine saa tano nzima bila kulalamika. Sasa alikuwa anapiga simu kila mchana.

"Shemeji, vipi seli zangu?"

"Bado."

"Siku ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hao wangu siku ya tisa bado wamelala tu?"

"Wamerithi kwa mwenyewe."

Kesho akacheka, halafu kicheko kikakatika. "Shemeji, wasiposhika, si itakuwa ni mimi? Nitamwangaliaje kaka?"

"Watashika."

"Nani kasema?"

Hakuna aliyesema. Bi Hamira alilisema mwenyewe tu, kwa sababu mtu akikuuliza hivyo utamwambia nini? Alikata simu, akarudi chumbani, akasoma ubao. Siku +9. Chembe nyeupe: 0.0. Aliwasikia asubuhi daktari na mwenzake wakisema kwamba zisipoonekana kufikia wiki ya nne, itabidi waanze kufikiria jambo jingine. Hawakulitaja hilo jambo jingine, na alijua kwa nini hawakulitaja.

Basi alikaa kwenye kiti chake akimtazama Mpima aliyejikunja chini ya shuka moja jembamba, na kwa mara ya kwanza tangu waje hospitalini akafikiri kwa akili yake mwenyewe. Unga uliokandwa usipoumuka, hugombani nao. Kwanza unauwekea mkono. Ukiusikia ni wa baridi, unausogeza karibu na tanuri, unaufunika, unakwenda zako kama mtu asiye na shida nao. Miaka ishirini na sita njia hiyo haijawahi kumwangusha. Akamwekea mumewe mkono mguuni. Baridi. Akatazama kidude cha ukutani cha kiyoyozi: nyuzi ishirini. Kitu hai, kilicholetwa mwilini mwa mtu mwingine, kinachotakiwa kuamka na kuzaana, wamekiweka kwenye baridi kama samaki! Na uboho mwingi, daktari mwenyewe alisema, uko kwenye mifupa ya nyonga.

Ilikuwa kama saa sita mchana. Alibonyeza kidude mpaka nyuzi ishirini na nane. Akaenda kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa mwisho wa ukumbi, akachemsha maji kwenye birika la umeme, akajaza chupa mbili za plastiki, akazizungushia taulo. Akaosha mikono mpaka viwikoni. Akaziweka moja huku, moja kule, kando ya nyonga za mumewe, akaongeza mablanketi mawili kutoka kabatini, akakunja pembe zake chini ya godoro na kuzibonyeza kwa ubavu wa kiganja. Mpima alifumbua macho, akamwangalia anavyofanya kazi. Hakukataa. Akachukua kibao, akaandika kwa herufi zinazopinda: Joto zuri.

Bi Hamira alikaa chini akiwa amefurahi. Niseme ukweli, hakuwa amefurahi hivyo kwa wiki mbili na zaidi.

Saa nane sista aliingia kwa zamu yake ya vipimo. Alisimama mlangoni, akashangazwa na joto la chumba, akaenda moja kwa moja kwa mgonjwa, akampima sikioni. Thelathini na nane nukta nne. Akapima tena. Thelathini na nane nukta tano. Hakusema vizuri, wala hakusema ni kawaida. Alibonyeza kitufe juu ya kitanda, na chumba kikajaa watu. Mmoja anavuta damu mkononi, mwingine anavuta damu kwenye mrija wa kifuani, mwingine anatundika dawa ya kuua vijidudu, mwingine anasukuma mashine ya kupiga picha ya mapafu.

"Nani kamfunika hivi?" sista akauliza.

Chupa zilikuwa zimeshaingia kwenye mkoba wa Bi Hamira. Hata hakujua mikono yake ilizichukua saa ngapi.

"Alisema anasikia baridi," akajibu.

Mpima hakusema hivyo. Hakuwa amesema lolote. Bi Hamira alitolewa nje, akasimama ukumbini na mkoba wenye joto umemwegemea ubavuni.

Hapo sasa. Je, ile ilikuwa homa, au zilikuwa chupa zake? Kama ni chupa, basi wanamjaza mume wake madawa mazito bure, na alimsikia daktari akisema dawa hiyo ni nzito kwa figo. Basi aseme. Lakini akisema, wakasitisha dawa, na kumbe homa ni ya kweli? Basi asiseme. Na asiposema, figo zikafa? Alitembea kutoka mlango wa chumba mpaka jikoni na kurudi, mara nyingi, na kila akifika jikoni alikuwa ameamua kusema, na kila akifika mlangoni alikuwa ameamua kunyamaza. Alimpigia Kesho.

"Shemeji, sema," Kesho akasema. "Hata mimi mtu wa kesho nakuambia, hilo ni la leo."

Kweli, jambo likifika mahali Kesho anakuhimiza, ujue limeiva. Akamkuta daktari akitoka, akamweleza yote: nyuzi ishirini na nane, birika, taulo, nyonga, mpaka habari za unga na tanuri. Akatoa chupa kama ushahidi. Daktari alizishika zote mbili, akatazama moja, akatazama nyingine. Hakucheka, na kwa hilo Bi Hamira alimshukuru maisha yake yote.

"Mablanketi na chupa vinaweza kupandisha kidogo," daktari akasema. "Lakini kwa mtu asiye na kinga hatusubiri kujua. Dawa itaendelea."

"Kwa hiyo ni mimi au si mimi?"

"Inategemea..."

"Daktari, nakuomba. Leo usitegemee kitu. Nijibu."

Daktari akavua miwani, akajifuta macho. Alikuwa amechoka. "Sijui, mama."

Ndilo jibu la kwanza lililonyooka alilowahi kumpa, na halikumsaidia chochote.

Jioni hiyo chupa na mablanketi vilikuwa vimeshaondolewa na nyuzi zimerudishwa ishirini, lakini homa ikapanda mpaka thelathini na tisa nukta sita. Basi ni homa. Lakini labda alimletea yeye, kwa maji ya lile jiko, kwa yale mablanketi ya kabatini, kwa mikono yake ya hamira ambayo hata ungeisugua mwaka mzima isingetakata. Siku nne Mpima hakumjua mtu. Presha ilishuka, wakamwekea hewa puani. Bi Hamira aliruhusiwa kuingia kwa dakika chache, na dakika hizo alizitumia kwa neno moja tu. "Nisamehe," alisema, ameinama karibu na sikio lake. "Ni chupa zangu. Nisamehe, baba watoto." Mpima alikuwa anahema tu. Akitoka nje alikaa kwenye benchi na kujiita muuaji, kimyakimya, kama mtu anayezoea jina jipya.

Siku ya tatu ya homa maabara walimjua mdudu mwenyewe. Daktari alikuja kumwambia hapohapo kwenye benchi. Mdudu huyo hakai jikoni wala kwenye blanketi. Alitoka tumboni mwa mgonjwa mwenyewe, akapenya kwenye damu kwa sababu hakukuwa na askari wa kumzuia.

"Kwa hiyo si wewe," daktari akasema. "Tushukuru tulimkamata saa ile. Saa mbili zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine."

Ungedhani angerukaruka. Hakuruka. Alisema ahsante, akaendelea kukaa. Moyo wake ulikuwa umeshajifunza hukumu moja, na haukuelewa kwa nini inafutwa kirahisi hivyo. Na mtu aliyekudanganya kwamba kunyonyoka nywele ni vizuri, utamwamini vipi anapokuambia si wewe?

Homa ikashuka. Siku ya kumi na saba ubao ukaandikwa 0.1. Siku ya kumi na nane, 0.3. Siku ya kumi na tisa, 0.6, na sista akachora jua dogo pembeni ya namba. Seli zilikuwa zimeshika. Kesho aliimba kwenye simu mpaka watu wa ukumbini wakageuka.

"Niliwaambia nini? Niliwaambia kesho!" akapiga kelele. "Na ndugu yangu sasa atakuwa na akili zangu?"

"Akili ni nywele, shemeji. Zake zimekwisha, zako hazijawahi kuota."

Bi Hamira alicheka kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka. Ndani yake bado kulikuwa na mtu aliyekaa kwenye benchi.

Siku ya ishirini na moja sauti ya Mpima ilirudi, imekwaruza, lakini ni yake. Ilikuwa asubuhi, baada ya daktari kupita. Alikunywa maji, akakohoa, akasema:

"Nina neno na wewe."

"Pumzika kwanza."

"Ni habari ya zile chupa."

Bi Hamira akainua mkono. "Nimeshaambiwa si mimi. Tuyaache."

"Najua si wewe. Mimi nilijua kabla yao." Akameza mate, akakunja uso kwa maumivu. "Nilianza kutetemeka saa tano."

"Saa tano ipi?"

"Saa tano asubuhi. Kabla hujaenda jikoni. Nilijikunja, nikakaza meno."

Alimwangalia. Hakuwa ameelewa. Alirudia yale maneno kichwani polepole, kama anavyosoma ankara ya umeme.

"Sista alisema ukitetemeka hata kidogo, umbonyezee kitufe."

"Alisema."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Niliogopa kwamba ndiyo seli zimekataa. Nikasema ngoja itapita. Halafu ukaja na chupa zako. Mke wangu, wiki mbili nzima ulikuwa unakaa humu kama mgeni kwenye nyumba ya watu, hujui hata mikono uiweke wapi. Siku ile ukaanza kunifunika, ukabonyeza zile pembe. Nikakuona wewe mwenyewe. Nikajua nikitaja homa watakuja watu kumi na watakutoa nje. Nikasema, nimwache kidogo afurahi."

Saa tano mpaka saa nane. Bi Hamira alihesabu kwa vidole, yeye asiyehesabu. Saa tatu. Na daktari alisema mbili zaidi.

Alitaka kumbusu na alitaka kumzaba kibao, na barakoa na sheria za hospitali zilikataza vyote viwili.

"Mjinga mkubwa wewe!" sauti yake ikapanda mpaka ikavunjika. "Mjinga! Nimeolewa na mtu anayepima mpaka chumvi ya yai, kumbe kitu cha maana kuliko vyote anakikadiria! Ungekufa ili mimi nifurahie chupa? Unajua nilikaa pale nje siku nne najiita nani? Unajua?"

"Nilikusikia ukiniomba msamaha. Sikuweza kujibu."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hiyo hata mtoto wa chekechea anaijua!"

Alilia, akalia vizuri, kilio alichokuwa ameandaa kwa ajili ya ule mlango ambao haukuwepo. Barakoa ikalowa, akatoka, akavaa nyingine, akaosha mikono mpaka viwikoni, akarudi. Hasira ilikuwa bado ipo na mapenzi yalikuwa yapo, na hakujua lipi limemkalia mwenzake. Jambo moja tu ndilo lililoanza kumpambazukia, na halikuwa zuri. Mtu aliyeficha siku moja ili wengine wafurahi, siku wote wanafurahi atafanya nini?

"Na leo?" akauliza.

"Leo nini?"

"Leo una nini?"

"Sijambo," Mpima akajibu upesi, kama tunavyojibu sote, hata tukiwa tumebebwa kwenye machela.

"Sikukusalimia. Nimekuuliza."

Mpima akatazama dirisha. Hapo ndipo mkewe alipoona kwamba tangu asubuhi, wakati wa kunywa dawa, wakati wa daktari, hata sasa, mikono yake ilikuwa chini ya shuka, inatoka mara moja na kurudi. Akalifunua shuka. Viganja vilikuwa vyekundu kama vya mtu aliyechapwa.

"Vinawasha?"

"Kidogo."

"Daktari hakukuuliza?"

"Aliniuliza jana. Nikamwambia hakuna kitu." Alijaribu kutabasamu. "Seli zimeshika. Mdogo wangu anaimba. Sista kachora jua. Nani atataka kuwa mtu wa kuharibu?"

Bi Hamira hakujua viganja vyekundu ni nini. Huenda ni vizuri. Huenda ni kawaida. Huenda ni lile jambo jingine wasilolitaja. Katika jengo hili alikuwa hajawahi kukisia akapata, na hakutaka kukisia tena. Alibonyeza kitufe juu ya kitanda. Mpima akaanza kurudisha mkono chini ya shuka, na mkewe akaushika kwenye kifundo, akaubakiza pale juu penye mwanga.

Sista aliingia haraka. "Kuna nini?"

Bi Hamira alimtazama mumewe. "Mwambie."

"Viganja vinawasha," Mpima akasema.

Sista akavaa glavu, akaviinamia. Uso wake ukawa wa kazi. "Tangu lini?"

Mpima akafungua mdomo, na mkewe akayaona maneno "asubuhi hii" yakipanda kooni mwake. Akamminya kifundo cha mkono.

"Juzi," Mpima akasema. "Juzi mchana." Halafu akatoa miguu nje ya blanketi. "Na nyayo pia."

Habari ya nyayo Bi Hamira naye ndiyo kwanza anaisikia.